Baraka Kavu ya Madamu

Ukimwamkia Madamu shikamoo, usisubiri marahaba. Hutaipata. Atakuangalia toka utosini hadi kwenye kandambili, atanyoosha shingo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, kisha atakujibu, "Blesidi." Basi, imekwisha. Shikamoo yako imebaki inaning'inia, na wewe unajiuliza kama umesalimiwa au umefukuzwa.

Mimi nilianza kumwamkia nikiwa darasa la tano kule Kishapu, na sasa nina pacha wangu, Kulwa na Doto, wanaomwamkia wenyewe. Watu wa hapa machimboni, upande huu wa Ushirombo, wamemzoea. Wageni ndio hupata shida. Kuna jamaa alikuja kutoka Ushetu kutafuta kazi ya kubeba viroba vya mawe, akamkuta Madamu amekaa kibarazani, akamwamkia kwa adabu zote. Akajibiwa "Blesidi." Akadhani mama wa watu hasikii vizuri, akarudia kwa sauti. "Blesidi." Akarudia tena, safari hii amekunja magoti kidogo. "Blesidi." Akaja kwangu kunywa chai, uso umemshuka.

"Yule mama ana ugomvi na mimi?"

"Hana."

"Mbona hanipokei salamu?"

"Amekupokea kwa Kiingereza."

Akamaliza chai yake, akapangusa mdomo, akasema, "Basi mwambie na mimi nimeondoka kwa Kiingereza." Hatukumwona tena.

Madamu ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza wa shule ya msingi. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake, akanunua karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akaja kuifunga hapa ambapo hakuna hata mti wa kuegemea. Mimi nilikuja kwa njia nyingine, kwa kumfuata mume aliyefuata dhahabu. Dhahabu hakuipata, na baadaye mimi naye tukapotezana. Nikafungua kibanda cha chai na maandazi, na jirani yangu wa ukuta mmoja akawa ni yule yule aliyenichapa viganja utotoni. Dunia ni duara, wanasema, na sisi wa machimboni tunajua duara ni shimo.

Neno lenyewe halina kosa. Blesing ni baraka, blesidi ni aliyebarikiwa. Hayo alitufundisha mwenyewe na hakutudanganya. Kosa ni kwamba amelifanya neno moja lifanye kazi ya kamusi nzima. Umeme ukikatika karasha ikasimama, anasema blesing, mashine inapumzika. Umeme ukirudi, blesing. Mvua ikinyesha blesing, isiponyesha, blesing pia, kwani njia hazitakuwa na tope. Mtu akifiwa, Madamu hufika msibani amevaa vizuri, hushika mkono wa mfiwa, husema blesing, na mfiwa hubaki anamtazama kwa macho mekundu, hajui ashukuru au amtoe nje.

Na ukimwomba kitu, ndipo utakapolijua neno hilo vizuri. Mama mmoja hapa mtaani alifiwa, akaenda kumwomba Madamu turubai la kuwakinga waombolezaji na jua. Kila mtu anajua Madamu analo turubai, la bluu, kubwa, limekunjwa stoo nyuma ya madumu ya dizeli. Madamu alimkumbatia mama yule, akamwambia, "Blesing, dada yangu, nitakuombea sana." Waombolezaji wakakaa juani. Turubai likakaa stoo.

Tangu siku ile hapa kwetu kupewa blesing kukawa ndiyo kurudi mikono mitupu. Ulimwendea mjomba kuomba mbegu? Amenipa blesing. Muuza nyama akiulizwa maini anasema leo yamekwisha, ipo blesing. Wachimbaji nao, ambao kwao duara likitoa dhahabu husema limetema, wakitoka shimoni wamechoka na uso mweupe kwa vumbi, ukiwauliza kama limetema, hujibu bila kugeuka, "Limetema blesing." Kicheko kinapita kwenye vibanda vyote. Madamu naye husikia neno lake likitajwa kila kona, basi hufurahi. Aliniambia siku moja, akiwa ameshika kiuno na kutazama barabara, kwamba kama si yeye watu hawa wangekuwa bado gizani. Nikamwambia ni kweli, Madamu, umetuangazia.

Sasa nikupeleke darasani, maana huko ndiko mzizi ulipo.

Alikuwa na desturi ya kutusimamisha mmoja mmoja mbele, umeshika karatasi iliyochanwa kwenye daftari, umeinyoosha mbele ya midomo. Unasema "blesing." Karatasi lazima itikisike, maana ile herufi ya kwanza inataka pumzi. Lakini isilowane. Akishaiona imetikisika, huichukua, huigusa kwa kidole, huitazama juani. Ikiwa na tone hata moja la mate, viganja mbele. "Pumzi, siyo mate," alikuwa akisema huku fimbo inatua. "Baraka ni kitu kikavu." Mimi nilikuwa na mwanya mbele na karatasi yangu haikupata kukauka mwaka mzima. Naweza kusema bila aibu kwamba Kiingereza changu kiliishia viganjani.

Na kumbuka sisi tulikuwa watoto wa wapi. Kwetu Kishapu, mtoto akiwa na jambo kubwa mbele yake, safari, mtihani, ndoa, haondoki hivi hivi. Asubuhi anapiga magoti mlangoni, mzazi au bibi anapiga funda la maji safi, anaomba moyoni, kisha anampulizia kifuani. Puu. Maji yakikugusa, umepewa. Hayapanguswi, unatembea nayo mpaka yakauke yenyewe. Na mpaji lazima awe na moyo mweupe. Bibi yangu alisema mwenye kinyongo hawezi kupuliza, maji yatamrudia kooni, atayameza mbele za watu na aibu itakuwa yake.

Basi siku za mtihani tulifika shuleni na vifua vimelowa, darasa zima, mashati yamegandana na ngozi. Madamu anatupokea mlangoni na pua ameikunja. Hatuingii. Anatupanga juani kama mahindi. "Mkauke kwanza," anasema. "Siwezi kusimamia mtihani wa mate." Tulisimama pale tukitazama baraka za bibi zetu zikiyeyuka, na wengine walilia, kwa sababu waliamini kabisa kwamba sasa watafeli. Baadhi yetu tulifeli. Sisemi ni kwa sababu ile, lakini bibi yangu alisema.

Hapo utadhani nakusimulia habari za mtu mbaya. Ngoja. Doto wangu aliposhikwa na degedege, mimi nilibaki nimeshika kichwa, napiga yowe tu, nyumba naiona inazunguka. Aliyeingia ni Madamu. Alimbeba mtoto kifuani, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona, sketi imepasuka hadi pajani, kiatu kimoja amekiacha kwangu, akaenda naye hadi zahanati akimsemesha Kisukuma njia nzima. Kisukuma kile kile alichotukataza hata kukohoa nacho. Mimi niliwafuata kwa miguu nikawakuta huko, na alikaa pale zahanati hadi mtoto alipofungua macho na kuomba uji. Niliponyanyuka kumshukuru, wabeja sana mayu, alinifokea kwa kumvalisha mtoto sweta wakati wa joto, akaondoka na kiatu kimoja. Neno blesing halikumtoka hata mara moja. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikikanda unga. Siku alizotenda wema, neno lile alilisahau nyumbani.

Lakini kesho yake alikuwa yule yule. Kwenye karasha yake, kila wiki, hunyunyiza chumvi pembe zote nne, na mafuta kidogo kwenye mkanda wa mashine, anasema ni blesing ya kuifungua wiki. Chumvi ameinunua duka lile lile ninaponunua mimi ya maharage. Mchimbaji mmoja mtundu aliwahi kumuuliza inatofautiana vipi na ile ya mganga wa Bukombe anayenyunyiza kwenye maduara. Madamu akamjibu kwamba ile ni ushirikina. Mchimbaji akauliza, na hii? Akaambiwa hii ina Kiingereza. Yule mtu akabeba kiroba chake, akasema sasa ameelewa.

Meno yake pia yana hadithi. Maji ya kwetu Kishapu hupaka meno rangi ya chai ya rangi, wewe usugue utakavyo. Ni alama yetu, tunajuana nayo hata stendi ya Mwanza. Madamu hakuipenda alama hiyo. Alipostaafu yalikuwa yamekwisha kuanza kung'oka, naye akamalizia yaliyobaki kwa daktari, akawekewa ya bandia, meupe pe, yamejipanga kama vigae. Ndiyo anayotolea "blesidi." Usiku huyalaza kwenye glasi. Mchana huyalinda kuliko karasha.

Ana binti mmoja tu. Mume alifariki mapema, binti akiwa hajaanza shule, na Madamu akamlea peke yake kwa chaki na jeuri. Nami sitamnyang'anya sifa hiyo: alimsomesha, akamvalisha, akamfundisha kusema blesing na karatasi ikabaki kavu. Alimtaka aolewe na mtu wa ofisi, mwenye shati la mikono mirefu. Binti akampenda mchimbaji, kijana mpole wa Ushetu, mtoto wa wakulima wa tumbaku, mwenye kucha ambazo sabuni imezishindwa.

"Nimemtoa Kishapu kwenye vumbi," Madamu aliniambia, "ili aje aolewe ndani ya shimo?"

Nikamwambia dhahabu nayo hutoka shimoni. Akanijibu kwamba hata nyoka. Tukaacha hapo.

Harusi ilifungwa kanisani, ikaenda vizuri, pilau ikaiva. Tatizo lilikuja jioni, bi harusi alipotaka kutoka nyumbani kwa mama yake. Binti alipiga magoti mlangoni, gauni lake jeupe kwenye vumbi. Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyetoka Kishapu na kibuyu chake, alipiga funda, akampulizia. Kisha akampa Madamu kibuyu. Watu wote tukasogea karibu. Mama ndiye mwenye maji ya mwisho, hayo kila mtu anayajua.

Madamu alikitazama kile kibuyu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Akakiweka chini. Akaomba maikrofoni ya mshereheshaji, akapangusa midomo kwa kitambaa, akasema ndani ya spika, kwa sauti ya darasani, "Blesing." Mshereheshaji, mtu wa mjini, akasema tupige makofi. Tukapiga, kwa kuwa maikrofoni ikisema pigeni makofi mikono hupiga yenyewe. Binti alibaki amepiga magoti. Alisubiri hadi makofi yakaisha na muziki ukawekwa, ndipo akainuka, akajigusa kifuani upande ule ambao shangazi hakuufikia, akaingia kwenye gari.

Toka siku ile hakukanyaga ndani ya nyumba ya mama yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Madamu. Binti alimpigia simu, alimtumia unga wa muhogo, alimuuliza habari za magoti. Lakini kila Madamu alipomwambia njoo, alimjibu kwa upole ule ule, "Mama, kifua changu bado kikavu." Waliishi Geita, si mbali. Madamu alikuwa akikaa kibarazani saa za mabasi akijifanya anasoma Biblia, na mimi nilikuwa nakaanga maandazi nikijifanya sioni kwamba ukurasa haugeuki. Naweza kumcheka kwa mengi, kwa hilo sikumcheka. Alimtaka mwanawe arudi, na kitu pekee kilichomzuia ni funda moja la maji.

Kisha binti akanipigia mimi. Alikuwa na mimba, ya kwanza, na mume wake alikuwa amepata duara kule Chunya, mbali, safari ya kulala njiani. Wangehama wiki hiyo.

"Mama Kulwa," akasema, "mwambie mama tutapita. Sipiti kusikiliza Kiingereza. Akinipa maji nitaingia, nitakula, nitamfulia nguo kama zamani. Asiponipa nitamwamkia pale mlangoni, niende nikazae na kifua kikavu, Mungu atajua."

Nikamfikishia Madamu maneno hayo kama yalivyo, sikupunguza wala kuongeza. Aliingia ndani akafunga mlango, na nikasikia anapanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Kesho yake asubuhi umeme ulikatika, karasha ikanyamaza. Kikasikika kidole kikigonga dirishani kwangu. Madamu. Akaniita uani kwake kwa kidole, kama alivyokuwa akiniita mbele ya darasa, na miguu yangu, wapumbavu hawa, ikaenda kwa woga ule ule. Juu ya ndoo iliyogeuzwa alikuwa ameweka kikombe cha bati kimejaa maji.

"Wewe," akasema. "Bibi yako alikuwa anafanyaje?"

"Anafanyaje nini, Madamu?"

"Usinijibu swali kwa swali."

Ndipo nikaelewa. Mwanamke huyu aliyeishi miaka yote hiyo Kishapu hajui kupuliza. Alipokuwa mtoto alipelekwa kulelewa misheni, baadaye akawa anawakausha watoto wa wenzake juani, na sasa ana maji mbele yake na hajui funda lianzie wapi. Nilitaka kucheka. Nikaona macho yake, nikakiahirisha kicheko.

Nikaingia kwangu, nikachana karatasi kwenye daftari la Kulwa, nikarudi nayo. Nikaishika mbele ya midomo yake.

"Hii lazima ilowane," nikamwambia.

Aliitazama karatasi, akanitazama. Alijua nafanya nini. Akapiga funda, akavimbisha mashavu, akapuliza. Maji yakamtoka taratibu kidevuni, yakamtiririkia kwenye blauzi. Karatasi ilikuwa kavu kabisa. Nikaigusa kwa kidole, nikaitazama juani.

"Tena," nikasema.

Akarudia. Safari hii ilitoka pumzi tupu, maji yakabaki ndani.

"Hiyo ni pumzi, siyo maji," nikasema. "Tunataka maji. Tena."

Sitakuficha, nilifurahi mpaka vidole vya miguu. Sikuwa na fimbo na sikuihitaji. Kikombe kilikwisha tukajaza kingine, kuku wakakimbia, blauzi ikalowa, na yeye akaendelea bila kulalamika, amesimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi mzuri. Kuelekea mchana karatasi ililowana. Tone kwanza, kisha nusu yake. Nikamwonyesha. Akatabasamu na yale meno yake meupe, kisha tabasamu likazimika.

"Na kinyongo?" akauliza. "Chenyewe kinatoka vipi?"

"Hicho sikufundishwa, Madamu."

Akachukua karatasi yenye maji mkononi mwangu, akaikunja ndogo, akaitia mfukoni. Nikarudi kwenye maandazi yangu, furaha yote imeniisha.

Walifika siku ya pili yake, asubuhi, kwa bodaboda mbili, moja imebeba watu na nyingine magodoro. Madamu alikuwa amezima karasha kwa hiari yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa Krismasi, na ule ukimya uliwaita watu kuliko king'ora. Wachimbaji waliacha viroba. Binti alishuka taratibu, tumbo mbele, akaja hadi mlangoni, akapiga magoti kwa kujishika kwenye mwimo.

"Shikamoo, mama."

Madamu alikuwa amesimama na kikombe cha bati. Shingo yake, kwa mazoea, ikaanza kunyooka. Midomo ikajikusanya. Nikaona ile herufi ya kwanza inakuja, nikakohoa kwa nguvu zangu zote. Akafunga mdomo. Akapiga funda la maji, akavimba mashavu, akamtazama mwanawe, kisha akainua macho, akamwona mkwe wake amesimama nyuma na zile kucha zake.

Akayameza. Tuliliona koo likishuka. Mlio wenyewe ulisikika.

"Yamemrudia," bibi mmoja nyuma yangu akasema.

Binti hakuinua kichwa. Ni yule kijana aliyesogea. Alivua kofia, akapiga magoti kando ya mke wake, kwenye vumbi ambalo kwake si kitu.

"Mama," akasema, "kama kinyongo ni changu, nianze mimi. Huyu usimnyime kwa ajili yangu."

Nilitarajia Madamu amjibu kitu cha kumkata maini, maana anavyo vingi. Badala yake alimtazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni badala ya mikononi. Akakipandisha kikombe mpaka machoni, akachukua maji yote yaliyokuwemo, mashavu yakajaa hadi nikaogopa, akainama, akapuliza.

Mungu wangu, yule mama alipuliza. Alimpiga binti kifuani, shingoni, usoni. Alimpata mkwe. Alinipata na mimi niliyekuwa kando na kuku aliyekuwa anapita zake. Na katikati ya mvua ile kitu cheupe kikaruka, kikageuka hewani, kikaangukia kwenye kanga juu ya mapaja ya binti. Yalikuwa ni meno, ya juu na ya chini, yote.

Nilicheka. Wengine wanasema hawakucheka, waongo. Lakini binti hakucheka. Aliyafunika meno kwa pembe ya kanga asiyaone mtu, akayafunga fundo, akabaki pale pale kwenye magoti yake, maji yanamchuruzika kidevuni, kifua chote kimelowa mpaka tumboni alipo mtoto.

"Shikamoo, mama," akasema tena.

Madamu mashavu yalikuwa yamemwingia ndani, midomo imejikunja, amekuwa bibi wa Kishapu kama bibi yeyote. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Akamwinua. Wakaingia ndani, na mkwe pia, na mlango ukafungwa. Walikula huko, sijui walisema nini, na nguo zilifuliwa kweli, nilizianika mimi. Alasiri bodaboda zikawachukua kuwahi basi. Mpaka basi linafika njia ya Tabora ndipo binti alipofungua fundo la kanga atoe hela ya maji, akakuta ameondoka na meno ya mama yake.

Basi hapo ndipo mtaa wetu ulipopata raha yake. Bila meno Madamu alijaribu kusema blesing, na neno lile lilitoka na mate, mengi, kwa yeyote aliyekuwa mbele. Alijaribu mara moja kwa mchimbaji mmoja na mchimbaji yule akapangusa uso, akasema, asante, nimepokea. Hakujaribu tena. Ikabidi ajibu kama watu. Unamwamkia shikamoo, anasema marahaba, laini, yenye hewa ndani yake. Watu walianza kupita makusudi. Wengine walizunguka nyuma ya karasha wakarudi tena kumwamkia kana kwamba hawajaonana. Mimi niliazima chumvi niliyokuwa nayo tele. Hata kwenye turubai tulidhani mambo yatabadilika. Aliyekwenda kuliomba aliambiwa "marahaba" akafungiwa mlango. Tukakubaliana kwamba baraka nayo ina mipaka yake.

Kifurushi kilikuja kwa basi, kimefungwa kwa kitambaa na nailoni na gazeti, kama vile ndani kuna dhahabu. Nilimsindikiza stendi kukichukua. Njiani kurudi alikibana kwapani.

Kesho yake nilifungua kibanda mapema nikamwona kibarazani, amekaa wima. Nikamsogelea.

"Shikamoo, Madamu."

Akanitazama toka utosini hadi kwenye kandambili. Shingo ikanyooka. Meno yalikuwa mahali pake, meupe, yamejipanga.

"Blesidi," akasema, kavu kabisa. Hata karatasi isingelowa.

Nikasonya, nikarudi kwenye moto wangu. Nikiwa nakanda, simu yake ikaita pale kibarazani, ule mlio aliouweka kwa ajili ya binti kule Chunya. Nikageuka. Madamu aliiacha iite. Kwanza alitazama huku na huku, akaingiza vidole mdomoni, akayatoa meno, akayaweka juu ya Biblia. Ndipo akaipokea.